Kiwembe cha Kabati la Tatu

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Bati limepigwa mpaka hatusikilizani dukani kwa Bibi. Nimeanza daftari hili kwa sababu Epifania kanipa kazi, na mimi najijua: nisipoandika kidogo kidogo, sitaandika kabisa.

Epifania ndiye mtunzaji wa makumbusho ya kikundi cha akina mama. Ni chumba kimoja tu, ghala la zamani la mahindi lililopakwa chokaa. Analalamika kwamba mkuki una maelezo ukurasa mzima, ulifuliwa na nani, ulibebwa na nani. Lakini vitu vya wanawake? "Kikapu. Ufipa." Kwisha. Kana kwamba kikapu kilijisuka. Sasa anataka mimi, mwalimu wa historia mwenye mdomo, nivitungie hadithi vile visivyo na mwenyewe. Chini ya kila kimoja tutaandika wazi kwamba ni hadithi ya kubuni, na tutamwomba anayejua ukweli atusahihishe. Ufunguzi ni Siku ya Wanawake, mwezi wa tatu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mchana alikuja Bibi Kalista wa Kasense na ulezi wake, kama kila Jumamosi tangu nipate akili. Nikakuta mawe ndani, nikamwambia. Sikumtukana, ila nilitumia ile sauti ya dukani. Bibi yangu akanirukia: "Nyamaza, Kauthar. Mawe tutachambua wenyewe." Akaununua wote. Stoo tuna ulezi wa mwaka juzi unaoliwa na wadudu, na bado ananunua! Na mgeni mwenyewe hakaribishwi hata kiti. Anakaa juu ya gunia mlango wa nyuma, wanatazamana na Bibi wee, kisha anaaga. Uzee una mambo yake.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Mitihani ya kusahihisha. Sina la kuandika.

Alhamisi, 4 Desemba

Shule imefungwa, alhamdulillahi. Nimeshinda nyumbani na mwanangu Abuu, ambaye ametimiza miezi sita, na nimegundua kitu ambacho huwa sikioni kwa sababu natoka mapema. Kila asubuhi Bibi ananawa mikono, anampakata Abuu na kumpitisha kidole kwenye fizi, juu, chini, juu tena, kama ofisa wa forodha pale Tunduma anayetafuta magendo. Nikamuuliza anatafuta nini.

Akasema meno. Nikamwambia yatakuja yenyewe. Akasema, "Yatakuja, ndiyo," na hakucheka.

Niandike habari zake, maana daftari hili likisomwa na mwanangu siku moja ajue. Bibi Hamisa ni mama wa marehemu baba. Anakaribia miaka tisini. Baba alipopinduka na lori kwenye mteremko, mimi nina miaka mitatu, ndiye aliyenichukua na kunilea. Ni mwanamke wa duka, msafi, mkali, na anajivuna. Husema sisi ni watu wa Ujiji, hujambo? Si watu wa jembe. Kifipa ni marufuku nyumbani kwake. Nimezaliwa Sumbawanga, nimekulia Sumbawanga, na sijui zaidi ya kusalimia. Mume wangu Muhidin, ambaye yuko barabarani na lori lake wiki nzima, anakijua kuliko mimi.

Jumanne, 9 Desemba

Kabati la tatu ndani ya makumbusho. Kuna mtungi, shanga, kijiko cha mti, na kiwembe cha chuma. Ni kidogo, urefu wa kidole changu cha mwisho, kimefuliwa kwa ustadi na kina kitundu cha kupitishia uzi. Kibandiko kinasema: "Wembe mdogo. Kazi yake haijulikani." Nikamuuliza Epifania nani alikileta. Akasema mama mmoja mkulima alikiacha mezani, kimefungwa kwenye kitambaa, akasema tu kwamba ni cha mama yake na ameshindwa kufa nacho.

Ameshindwa kufa nacho! Nimekiomba kiwe changu cha kwanza.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimetunga. Mkunga mmoja wa zamani, mcheshi, anapita kijiji hadi kijiji, na kiwembe hiki kinaning'inia shingoni mwake kwa kukatia vitovu. Kila mtoto aliyezaliwa Ufipa amepita chini ya chuma chake. Niliipenda sana, nikamsomea Bibi huku anachambua maharage.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uongo mtupu. Kitovu hakikatwi kwa chuma, kinakatwa kwa utete, ganda kali la bua. Na hicho hakivaliwi shingoni, kinafichwa."

Nikamuuliza amekijuaje, hata picha sijamwonyesha. Akasema mikono inamuuma, akaniachia maharage, akaenda kulala saa tano asubuhi. Bibi yangu hajawahi kulala mchana, hata akiugua.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimeuliza tena. Kanijibu kwa swali: ulezi umeanikwa?

Jumamosi, 27 Desemba

Muhidin yupo. Tumekula pilau. Bibi Kalista kaja na ulezi katikati ya mvua, kalowa chapachapa, na Bibi kampa kanga yake mwenyewe, ile mpya ya sikukuu. Nimeduwaa. Mimi niliiomba nikanyimwa.

Alhamisi, 15 Januari

Sijui nianzie wapi. Hasira bado ninayo.

Asubuhi Abuu alicheka na nikaona vidoti viwili vyeupe, juu. Meno! Nikapiga kelele nyumba nzima, nikampiga picha, nikamtumia Muhidin, nikaiweka na kwenye kundi la simu la ukoo wake: hongera Abuu, kaanza na ya juu kama mkubwa. Nikambeba kumpelekea Bibi.

Akaangalia. Uso wake ukawa wa majivu. Akavua mtandio, akamfunika mtoto mdomo.

Akauliza ni nani mwingine ameona. Nikacheka, nikamwambia ulimwengu mzima, Bibi, teknolojia hiyo. Akanipiga kofi. Mimi, mama wa mtu, mwalimu wa watu, nina miaka thelathini na moja. Mara ya mwisho kunipiga nilikuwa darasa la sita, na siku ile nilistahili.

Nimekwenda kazini na shavu linawaka. Nimefuta picha, sijui hata kwa nini.

Jumamosi, 17 Januari

Hatusemezani. Kalista kaja, wamenong'ona mlango wa nyuma. Nilipotokea wakanyamaza.

Jumatano, 21 Januari

Naandika asubuhi, sijakwenda shule. Yatachukua kurasa, na yachukue.

Jana nilirudi saa nane nikakuta duka limefungwa. Nyumba tupu. Nepi za Abuu hazipo, chupa haipo, mbeleko haipo. Nikatoka nje naita kama kichaa. Jirani yetu Bibi Kija, mama wa Kisukuma ambaye amekaa mtaa huu miaka arobaini, akaniambia amemwona Bibi Hamisa akipanda bodaboda, mtoto mgongoni, uso umefunikwa.

Nikamweleza habari za meno na kofi. Bibi Kija akakaa chini. Akaniuliza kama kweli sijui, na usomi wangu wote. Halafu akanieleza, na kila neno lilitoka kwa kusukumwa. Mtoto akiota meno ya juu kwanza anaitwa kigego. Zamani ilikuwa mkosi. Wazee walisema akiachwa hai kila jino litakalong'oka litaondoka na ndugu yake. Kwa hiyo walimpeleka majini. Kwao usukumani wapo waliofanya, huku walikuwapo, na hata pwani walikuwapo, wala tusinyoosheane vidole.

Majini. Mto umejaa wiki nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na ninaandika hapa kwa aibu kwamba nililifikiria hilo kuhusu mwanamke aliyenitafunia nyama nilipokuwa mdogo.

Nilimpata Obed, dereva wa bodaboda wa kijiweni petu. Alikuwa bado ana matope mpaka magotini. Akasema amempeleka Kasense, Bibi kamwambia mimi ndiye niliyemtuma. Nikapanda. Njia nzima nilikuwa natazama maji tu, mitaroni, kwenye madimbwi, chini ya daraja. Pikipiki ililala mara mbili kwenye utelezi na mara zote mbili nilianza kukimbia kwa miguu mpaka Obed akanifikia.

Nyumba ya Bibi Kalista ina bati nusu na nyasi nusu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Kabla sijausukuma nikasikia vizee viwili vinaongea ndani, Kifipa cha haraka haraka, na sauti moja ilikuwa ya bibi yangu. Bibi yangu! Kifipa kinamtoka kama maji.

Nikaingia. Abuu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananyonya kipande cha muwa, mzima, mkavu, mdomo umezungushiwa kitambaa kilichomshuka kidevuni. Nikamnyakua. Nikamfokea Bibi maneno ambayo sitayaandika. Alinisubiri nimalize.

"Nilitaka kumficha mpaka ya chini yatoke," akasema. "Siku chache tu, Kauthar. Yakitoka yote, nani atajua lipi lilitangulia?"

"Kumficha nani asimwone?"

"Watu. Wewe huwajui watu. Mimi nilitupwa."

Nikakaa palepale kwenye udongo. Na Bibi Kalista, muuza ulezi, mwanamke niliyemgombeza kwa ajili ya mawe, akaanza kunieleza taratibu kwa Kiswahili, ili na mimi nielewe.

Mama yao alikuwa mmoja. Mtoto wa kwanza alipofika miezi saba, mama aliona fizi za juu zimevimba na za chini zimelala. Hakumwambia mtu. Kaka yake alikuwa mhunzi, akamfulia kiwembe kidogo bila kuuliza cha nini, na mama akachana ufizi wa chini wa mwanawe ili meno ya chini yawahi. Kidonda kikaoza. Mtoto akalia siku tatu, shangazi za mume wakaja kutazama kinywani, wakaona yote. Ikaamuliwa. Mama akasema nitampeleka mwenyewe, ni wangu. Akashuka mtoni naye mgongoni, akapanda peke yake, kaniki inachuruzika maji. Kaniki ile aliiloweka mwenyewe. Mtoto alikuwa ameshamfikisha mjini kwa njia ya mtoni, kwa Bi Maulida, mke wa mwenye duka kutoka Ujiji, aliyekuwa hana mtoto.

Huyo Maulida ndiye mama wa Bibi Hamisa ninayemjua mimi, yule wa kwenye picha ya ukutani. Watu wa Ujiji. Hujambo?

Na mama yule wa Kasense akawa anakuja dukani kila Jumamosi. Alikuja na ulezi. Kama hana wa kwake, aliukopa kwa jirani. Alikaa mlango wa nyuma, akamtazama mwanawe akikua, akiolewa, akizaa, na hakusema neno, maana lingetoka neno lingefika hadi kijijini. Alipofariki, mwaka wa Vita vya Kagera, alimwachia Kalista siri, kiwembe, na safari ya Jumamosi. Hapo ndipo Kalista alipomwambia dada yake.

"Miaka yote ile alikuja," Bibi akasema, "na mimi nilimjua kama mama wa ulezi tu. Siku moja nilimgombeza mbele ya wateja. Ulezi wake ulikuwa na mawe."

Nililia mpaka Abuu naye akalia.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia hata baada ya kujua. Akasema kigego asipotupwa anakula wake. Amezaa sita na kuzika wanne, baba yangu akiwa wa nne. Kila mazishi alijua ni yeye. Amesimama kwenye makaburi ya wanawe akipokea pole za watu kama mwizi. Na juzi alipoona meno ya Abuu alijua mkosi umerudi kizazini.

Nilimwambia baba aliuliwa na breki, Bibi. Breki za lori. Polisi waliandika. Akanitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Tumelala Kasense. Mvua ilinyesha mpaka asubuhi.

Jumapili, 25 Januari

Nimemwambia Muhidin kwa simu. Kasema mama yake naye alimpigia kuuliza ile picha, kama kweli ni ya juu. Sikuwa nimeifuta mapema vya kutosha, na Bibi hakuwa kichaa.

Jumamosi, 31 Januari

Bibi Kalista kaja. Nimemtolea kiti. Bibi Hamisa kasema mrudishie gunia lake, kalizoea, na wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa. Mimi sikucheka. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nimeishi usiku huo kwenye nyumba yenye taa.

Jumatano, 4 Februari

Ya chini yametoka. Mawili.

Bibi ameyagusa, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi, 14 Februari

Tumegombana, na safari hii ni kwa ajili ya kibandiko. Mimi nataka ukweli ubandikwe kwenye kabati la tatu: jina, mwaka, kijiji. Nafundisha historia, nitafichaje historia yangu? Bibi kasema nikiandika jina lake hatatoka tena nje. Watoto wa shangazi wale bado wako hai, na wajukuu zao wanafanya biashara na sisi.

Kalista ndiye aliyetukatia shauri. Kumbe ni yeye aliyekipeleka kiwembe kwa Epifania. Alitaka aje mtu aulize kabla hawajafa wote. Akasema, "Andika yote. Usiongeze, usipunguze. Halafu chini uandike kama mlivyokubaliana, kwamba ni ya kubuni."

Bibi akafikiri. Akasema hilo anaweza kuishi nalo.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo umeanza. Bibi kakatazwa na daktari, kafunga.

Jumanne, 3 Machi

Nimemaliza hadithi ya kiwembe. Nimemsomea Bibi mara nne. Ameniondolea sentensi moja tu, ile niliyosema mama alilia mtoni. Kasema hatujui kama alilia. Asingekuwa na nafasi.

Jumapili, 8 Machi

Naandika nikiwa bado na nguo za ufunguzi, futari haijaiva.

Watu walijaa mpaka nje, waliotoka kanisani na waliotoka sokoni. Bibi alikaa kwenye benchi karibu na kabati la tatu, Abuu mgongoni kwangu, Kalista kando yake amevaa kanga ile ya sikukuu. Bibi alimfunga Abuu kitambaa mdomoni kabla hatujatoka nyumbani. Sikubishana naye.

Wengi walipita, wakasoma, wakaguna, wakaenda kupiga picha na mkuki. Kijana mmoja alimwambia mwenzake stori kali hii, mwalimu anajua kutunga. Bibi alinibana mkono. Nikaona anatabasamu, nikasema basi, tumevuka.

Mwishoni akaja bibi mmoja, rozari shingoni, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Hakuwa mtu wa mjini. Alikitazama kiwembe tu, kisha akaniomba nimsomee, macho yake hayaoni herufi. Nikamsomea. Ufizi, kidonda, uamuzi, mto, kaniki iliyolowekwa, mlango wa nyuma wa duka. Nikamalizia na mstari wa chini kama ilivyo: hii ni hadithi ya kubuni, anayejua ukweli atusahihishe.

Nilidhani atanisahihisha. Nilishika hata kalamu.

Akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeulizia njia: "Huyo mwenye duka, alikuwa anapokea?"

Sikumwelewa. Nikasema ni hadithi tu, bibi.

"Wangu alikuwa wa kike," akasema. "Mimi hakuna aliyeniambia kuna mtu anapokea."

Kalamu ikanidondoka. Nilimtafuta Epifania kwa macho, sikumwona. Watu walikuwa wanacheka huko kwenye mkuki.

Bibi Hamisa ndiye aliyesimama, polepole, ameshikilia kabati. Alimtazama yule mama, na nikaogopa, maana hapo palikuwa na mtu aliyetupwa na mtu aliyetupa, na katikati yao kioo. Bibi akamwamkia mwenzake kwa Kifipa, mbele za watu, kwa sauti. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi mahali pake. Kisha akaja nyuma yangu, akafungua mbeleko, akamtoa Abuu na kumweka mapajani mwa yule mama. Akamvua kitambaa.

Abuu akamchekea mgeni, na meno yake yote manne yakaonekana. Yule mama alijifuta kidole kwenye kanga, akakitia kinywani mwa mwanangu, akapapasa juu, chini, juu tena. Hakuna aliyemzuia.